Kiambo kimegeuka pori, ndani mna kalunguyeye. Tufyekeje bila kumuua?

#1 Mjukuu_Kiboje
Salaam aleikum wana baraza.
Bibi yetu katangulia mbele ya haki, na kiambo chake cha Kiboje kimekaa bila mtu kwa misimu kadhaa. Ni kipande cha zile eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi: minazi, mfenesi mmoja mkubwa, mdimu, michungwa iliyozeeka. Sasa ukisimama barabarani huoni hata paa. Majani yako kifuani, upupu umeupanda mchungwa hadi kileleni, jiko la nje limemezwa. Ndugu tumekubaliana kisafishwe kabla ya masika ili mjomba apate kupanda migomba na muhogo.
Nikilala kule hukaa barazani na tochi. Baada ya Isha kuna kinyama kinatoka chini ya rundo la makuti na makumbi karibu na kisima. Kinakuja hadi uani kinakoroma na kunusanusa, halafu kinakwenda kufukua chini ya mfenesi. Kinaenea kwenye viganja viwili. Mgongo miiba, tumbo jeupe, pua imechongoka. Nikikimulika kinajikunja, uso huuoni tena. Mie nasema kalunguyeye. Mjomba anasema Unguja hakuna mnyama huyo, nimeota. Vijana wa kufyeka wanachotaka wao ni petroli na kiberiti.
Wenye uzoefu, nianzie wapi? Na lile rundo nilifanyeje? Picha hiyo hapo, mnisamehe simu yangu usiku haioni.

#2 Kachumbari
Hiyo picha ni brashi ya choo. Uzi ufungwe.

#3 Fundi_Fyekeo
Yakhe, kazi hii naifanya kila masika yakikaribia. Petroli ibaki kwenye pikipiki. Kaskazi inavyovuma saa hizi, moto ukiuwasha kwako utazimika kwa jirani, na sheha hatokuacha.
La pili, usiwaache vijana wafyeke kwa kuzunguka, kutoka mpakani kuja kati. Wanapenda hivyo kwa sababu kazi inaonekana inakwenda. Lakini kila kilichomo kinasukumwa katikati, na pale mwisho panga linaangukia vichwa vitupu. Anzia nyumbani, sogea taratibu kuelekea upande ambao jirani hajafyeka. Kilicho hai kipate pa kukimbilia.
Mkato wa kwanza uwe wa juu juu, majani yabaki kwenye goti. Pita na fimbo, inama, tazama chini. Mkato wa pili siku nyingine. Mashine ya kukata majani siitii kwenye pori ambalo sijaliona ardhi yake. Cheche atakimbia, paa atakimbia, hata kenge atakimbia. Huyo wako akisikia kishindo anajikunja palepale, akiamini miiba itamwokoa. Waya wa mashine haujui miiba.

#4 Mzee_wa_Mkele
Mie nimezaliwa Unguja kabla ya Mapinduzi. Nimetega paa Muyuni, nimelinda mpunga Cheju usiku na mchana, sijapata kumwona kalunguyeye. Huyo ni buku aliyelowa. Buku akilowa manyoya hushikana, ukimpiga tochi unaona miiba. Tega mtego, panda muhogo wako, ulale.

#5 Mtu_wa_Dodoma
Mzee #4 shikamoo. Kwa heshima zote, buku ana mkia mrefu, nusu ya mbele nyeusi, nusu ya nchani nyeupe, huwezi kuukosa hata kwa tochi ya simu. Tena buku hajikunji akawa mviringo. Kalunguyeye mkia ni kidogo mno, huuoni. Uzito ni baina ya gramu 300 na 600 hivi. Huku kwetu mvua zikianza tunawakuta hadi barabarani, na wengi ndiko wanakofia.
Mleta uzi, uliona mkia? Na miguu ya nyuma ina vidole vingapi? Kalunguyeye wa Afrika Mashariki nyuma ana vinne, ndivyo wataalamu wanavyomtofautisha na wa Ulaya.

#6 Mjukuu_Kiboje
@Mtu_wa_Dodoma mkia sikuuona. Vidole vya nyuma nitavihesabuje na mwenyewe kajifunga?
@Fundi_Fyekeo ahsante, nimeelewa ya kuanzia nyumbani. Rundo je?

#7 Bi_Makunduchi
Rundo la makuti na makumbi lililokaa misimu yote hiyo ni nyumba ya nyoka, mwanangu. Nge tandu wamo, chatu mdogo hakosi. Liondoshe lote. Huyo kinyama atajijua.

#8 Fundi_Fyekeo
Bi #7, nyoka wamo ndiyo, lakini wanafuata panya, na panya wanafuata mbata na takataka. Ukiondoa chakula cha panya umemaliza nusu ya habari. Rundo liko kisimani, si dirishani. Ningekuwa mie ningeliacha hadi mwisho kabisa, nifyeke kiambo chote, halafu lile lihamishwe kipande kipande kwa mkono wenye glavu. Si uma, si jembe. Uma ukiingia kwenye rundo hujui unachoma nini.

#9 Mngazija76
Kuna jambo hamjalitaja. Mayotte na visiwa vya kwetu kuna mnyama wa miiba aitwaye landra. Si kalunguyeye kabisa, asili yake Madagaska, aliletwa na watu. Wapo hadi Morisi, Reunion na Shelisheli, kote huko alipelekwa ili aliwe. Pua imechongoka, mkia hana, anatembea usiku anafukua wadudu. Baina ya Unguja na Ngazija majahazi yamekwenda na kurudi tangu enzi na enzi. Kwa nini wasije wawili watatu?

#10 Kachumbari
Kwa hiyo wamo buku, kalunguyeye, landra na brashi. Kura yangu mnaijua.

#11 Mwl_Sayansi
#9 hoja nzuri, ila alama hazikai. Landra mkubwa hupita kilo moja, wengine hufika mbili na zaidi. Huyo wa kuenea viganjani labda awe mtoto, na watoto wa landra wana mistari myeupe mgongoni, wanatembea na mama yao kundi zima. Uzao mmoja umewahi kuhesabiwa hadi 32. Tena landra hajikunji kikamilifu. Akibanwa husimamisha nywele za shingoni, hufungua domo na kuuma. Anayejifunga akaficha uso ni kalunguyeye.
Kuhusu amefikaje, msisahau kwamba Unguja haikuwa kisiwa siku zote. Enzi za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita 100, na mkondo baina yetu na Bagamoyo si wa kina kirefu. Paa, kima na komba wetu walikuwa na njia ya miguu. Pemba hadithi nyingine, ule mkondo wake una kina cha mamia ya mita, ndiyo maana wanyama wa bara kule wachache. Kalunguyeye kupita kwa miguu hadi Kiboje si ajabu.

#12 Mzee_wa_Mkele
Mwalimu, kama walipita enzi hizo basi wana maelfu ya miaka hapa. Mie nina sabini na kitu. Mbona hatujakutana?

#13 Kachumbari
Mzee na chui je? Unguja hii kila mtu babu yake kamwona chui, na mwaka 2018 watu wa kipindi cha televisheni wakasema kamera yao imemnasa. Bado tunabishana.

#14 Mzee_wa_Mkele
Chui nimemwona. Usinichanganyie.

#15 Jahazi_Mkokotoni
Nyie mnakwenda mbali. Mie nipo bandarini. Majahazi ya Tanga na Pangani yanashusha mkaa, mbuzi, ng'ombe, na majani ya kulishia hao ng'ombe njiani. Kwenye magunia ya mkaa nimeona mijusi, nge, panya, hata nyoka aliyekufa. Kalunguyeye analala mchana ndani ya majani makavu. Apakiwe huko alfajiri, ashushwe huku jioni, ashtuke yuko Unguja. Hakuna barafu wala Madagaska hapo.

#16 Mtu_wa_Dodoma
#15 hiyo ndiyo naiamini zaidi. Tena kalunguyeye si mnyama wa msitu mnene. Anapenda nyasi, mashamba, vichaka vya wastani, sehemu isiyotuama maji. Kiambo kilichoachwa chenye matunda yanayooza chini kwake ni hoteli. Fenesi likidondoka linaita mende, funza na majongoo. Yeye hali fenesi, anakula wageni wa fenesi.

#17 Matemwe_Upepo
Mie naongeza la nne. Ulaya na Marekani kalunguyeye wa Afrika anafugwa ndani kwenye vizimba. Marekani walizuia kuwaingiza kutoka Afrika mwaka 1991, lakini wakati huo washapata wa kuzalisha. Sasa huku kwetu wageni wanapanga nyumba mwaka mzima, wanafuga kila kitu, wakiondoka wanafungua kizimba. Wa kwako anakuja hadi uani na tochi haimkimbizi. Huyo keshazoea watu.

#18 Mzaliwa_Ng'ambo
Nawasoma nikiwa Leicester. #17, mtu abebe mnyama wa Afrika kutoka Ulaya amrudishe Afrika, na makaratasi ya mifugo yalivyo?

#19 Matemwe_Upepo
Sijasema kambeba. Anaweza kumnunua Dar akavuka naye kwenye begi la mkononi. Umewahi kuona begi la mkononi likifunguliwa kutazamwa kama kuna kalunguyeye?

#20 Mzaliwa_Ng'ambo
Hapo sina jibu, haha.
Ila nilikuja kusema jingine. Huku kalunguyeye ni mnyama wa watu kabisa, na anapungua. Mwaka 2020 kwenye orodha ya wanyama wa Uingereza waliwekwa katika kundi la walio hatarini kutoweka. Wa huku ni mkubwa, anafika kilo moja, na baridi ikianza, kama Novemba hadi Machi, analala moja kwa moja. Wa kwetu hana baridi ya kumlaza. Yeye hujipunguza kiangazi kikikaza na wadudu wakiadimika.
Kuhusu rundo, wana utaratibu mmoja mzuri. Tarehe 5 Novemba ni usiku wao wa kuwasha mioto mikubwa. Kila mwaka watu wanakumbushwa wasirundike kuni siku kadhaa kabla kisha wakawasha palepale, maana mnyama huingia siku hiyohiyo. Unarundika pembeni, na siku ya kuchoma unahamisha rundo lote hadi mahali pengine penye ardhi tupu. Bado unaliinua kwa mti na kumulika chini kabla ya kiberiti.
Ukija kujenga ukuta, acha tundu chini. Huku wanasema sentimita 13 kwa 13. Anatembea masafa marefu usiku mmoja kutafuta chakula, ukimfungia kwenye kiambo kimoja umemlaza njaa.

#21 Bi_Makunduchi
Tundu la sentimita kumi na tatu ukutani kwa ajili ya kinyama! Kuku wote wa jirani wataingia kwangu.

#22 Fundi_Fyekeo
Na vifaranga vyako vitatoka, Bi. Huku kwetu nani ana ukuta shambani? Michongoma ndiyo ukuta, na chini yake anapita atakavyo. Mjukuu, michongoma usiing'oe. Ipunguze juu, chini iache.

#23 Kachumbari
Swali la msingi halijaulizwa. Analiwa?

#24 Ustadh_Mtoni
Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi kalunguyeye ni halali. Wenzetu wa Hanafi kwao hafai. Nimejibu kwa sababu umeuliza, si kwamba nakuelekeza Kiboje.

#25 Mjukuu_Kiboje
Haliwi mtu hapa. Tuendelee.
Upupu nao jamani. Jana kijana mmoja kaingia na kaptula, katoka analia.

#26 Fundi_Fyekeo
Upupu una adabu zake, nisikilizeni vizuri maana hapa ndipo watu wanaumbuka. Yale maganda yake yenye vumbi la dhahabu ndiyo adui, hasa kiangazi yakikauka. Ukitikisa mti, vinyweleo vinaruka na upepo vinakufuata hadi kwenye kwapa. Ingia asubuhi mapema umande haujakauka, au baada ya mvua, vinyweleo vikiwa vimelala. Suruali ndefu iingie ndani ya buti, shati mikono mirefu, kanga au kilemba shingoni na usoni. Simama upande unaotoka upepo. Usiuvute kutoka juu. Kata shina chini, uache unyauke mtini wenyewe, maganda uyakusanye moja moja kwenye kiroba kilicholoweshwa maji.
Ukikupata usijikune. Wengine hukimbilia kuoga, wanavisambaza mwili mzima. Paka tope mahali pale, liache likauke, libandue, vinyweleo vinatoka nalo. Majivu pia yanasaidia. Zile nguo usizivue ukaingia nazo ndani. Zianike nje, zifuliwe peke yake.
Na usiuchome. Ukiuchoma mbichi moshi wake utautafuta mlango wa nyumba.

#27 Mzee_wa_Mkele
Hapo umesema kweli fundi. Tope la kinamasi ndiyo dawa.

#28 BintiWete
Nimecheka upupu hadi machozi. Nilisomea skuli ya bweni, wavulana walikuwa wanatutilia kwenye madeski.
Wale wanaosema "atajijua" nawaambia ya huku Pemba. Popo wetu wakubwa, wale wa uso mwekundu, hawapatikani popote duniani ila hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana, watu wanawawinda kwa bunduki na nyavu, misitu inakatwa. Wanavijiji wakaanza kulinda miti wanayolala, na pale Kidike mgeni sasa analipa kuwaona. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Hakuna aliyejenga ukuta wenye tundu, waliacha miti tu. Na hawa wanakula maembe yetu, si majongoo.

#29 Mkulima_Dunga
Kalunguyeye namtaka mie shambani hata kesho. Vikonokono na makoa wamenimaliza miche. Ila mleta uzi, mjomba wako akipanda migomba jambo la kwanza atamwaga sumu ya panya. Mende na panya wakila, yeye anawala wao, sumu inamfuata. Mwambie mjomba atumie mitego ya kubana, aiweke ndani ya boksi au juu ya boriti, isikae chini wazi.

#30 Mjukuu_Kiboje
Sumu keshainunua. Iko kwenye mfuko wake wa shati.

#31 Bi_Makunduchi
Mwekeeni maziwa kwenye kisahani karibu na rundo, atakuja mwenyewe mumkamate na beseni, mumpeleke Jozani. Mambo yaishe.

#32 Mtu_wa_Dodoma
Maziwa hapana, Bi. Kalunguyeye maziwa ya ng'ombe yanamwendesha tumbo, anaweza kufa nayo. Maji tu, kwenye chombo kipana kisicho kina. Kiangazi hiki maji ndiyo yatamsaidia kuliko chochote. Na Jozani hamna haja. Mpelekeni msituni asikokujua mumemtupa kwa ngawa.

#33 Mwl_Sayansi
Tena mnyama huwezi kumkamata ukamhamishia hifadhini kwa beseni. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ina wenyewe. Kama ni mnyama aliyetoka bara, kumwingiza mle ndiyo kosa kubwa zaidi. Tuna kunguru hawa walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wale taka. Nani leo anawamudu? Piga picha ya mchana, peleka Idara ya Misitu pale Maruhubi, waseme wao.

#34 Jahazi_Mkokotoni
Kunguru wanakula vifaranga, mayai, sabuni. Mwaka gani huo, nimtafute mjukuu wa aliyewaleta.

#35 Bi_Makunduchi
Nawaacha mseme, lakini kiambo kilichokaa kitupu hakiingiwi na panga kabla ya dua. Someni kwanza. Dada yangu alimwona kinyama cha miiba Handeni, kinatafuna jani, kikatoa povu mdomoni, kikajipinda na kujipaka lile povu mgongoni kwa ulimi. Mnyama gani anafanya hayo? Na rundo lenyewe liko kisimani.

#36 Mtu_wa_Dodoma
Bi, dada yako kaona kweli, na ni tabia yake hasa. Kalunguyeye akikutana na harufu ngeni anatafuna kile kitu hadi povu litoke, halafu anajipaka kwenye miiba. Wataalamu wengine wanasema anaficha harufu yake, wengine wanasema anaitia miiba sumu ya kile alichotafuna. Si kichaa cha mbwa wala si jini.

#37 Bi_Makunduchi
Sijasema jini. Nimesema someni.

#38 Ustadh_Mtoni
Kusoma hakudhuru, Mjukuu. Ni kiambo cha marehemu, mkusanyike mle na chai, halafu mapanga.

#39 Mjukuu_Kiboje
Tumesoma juzi. Ahsanteni.
Habari mpya ni kwamba tumeshafyeka upande wa nyumba hadi mdimuni kwa mtindo wa #3. Mkato wa juu kwanza, kisha watu wamepita na fimbo. Tumekuta kobe mmoja, mayai ya kanga yasiyo na mwenyewe, na sufuria ya bibi ya pilau iliyopotea kwenye harusi ya shangazi. Chini ya mfenesi kuna vishimo vidogo vya kuchongoka, upana wa vidole viwili, vingi. Na kinyesi cheusi kinang'aa, ukikivunja na kijiti unaona mabawa na miguu ya wadudu. Picha hizi zimetoka vizuri.

#40 Mtu_wa_Dodoma
Mabawa ya wadudu ndani ya kinyesi. Buku anakula nafaka, nazi na matunda, Mzee wangu. Nimemaliza.

#41 Mzee_wa_Mkele
Buku anakula na wadudu pia. Njaa haina madhehebu.

#42 Mwl_Sayansi
Vishimo hivyo hata sange angevichimba, naye Unguja yupo bila ubishi. Ila sange ana mkia mrefu, anaruka kwa miguu mirefu, hana mwiba hata mmoja, na zaidi ni mnyama wa mchana. Kinyesi peke yake hakitoshi kuhukumu.

#43 Mngazija76
Na landra anakula wadudu. Bado nipo.

#44 Mjukuu_Kiboje
Sasa rundo. Mjomba anataka lifumuliwe Jumamosi. Fundi anasema libaki hadi mwisho. Kuna aliyenambia nilifumue usiku akishatoka kutafuta chakula, nitalikuta tupu. Mnasemaje?

#45 Mzaliwa_Ng'ambo
Usiku ni kweli mkubwa hayupo, lakini kama kazaa, watoto wamo.

#46 Mtu_wa_Dodoma
Hilo ndilo. Mimba yake ni siku 35 hivi, watoto wanazaliwa vipofu, miiba imefunikwa na ngozi. Mama akishtuliwa siku za mwanzo huweza kuwatelekeza au hata kuwala. Ukifunua ukakuta viota vya majani makavu na sauti nyembamba, rudisha kama ulivyokuta, usiguse kwa mkono mtupu, ondoka. Subiri zaidi ya mwezi. Wakianza kutoka na mama yao usiku ndipo ufikirie rundo.

#47 Mkulima_Dunga
Masika hayasubiri mwezi. Migomba ipandwe lini?

#48 Fundi_Fyekeo
Migomba ipandwe kokote kwingine. Rundo linachukua hatua chache, kiambo ni eka. Mjomba akitaka mbolea, hayo makumbi ya chini ndiyo mbolea yenyewe, yameshaoza. Awaache wafukue.
Mjukuu, kisima. Ukingo wake mfupi, na mkishafyeka hakuna majani ya kumzuia kuanguka. Anaogelea, ila kupanda ukuta wa kisima hawezi. Kifunike kwa mbao, na ukuta ule uliobomoka uinueni kwa matofali. Isitoshe kuna watoto watakuja likizo.

#49 Mjukuu_Kiboje
Mbao zipo. Mjomba kakubali rundo libaki hadi baada ya masika, kwa sharti sumu abaki nayo mfukoni. Tunajadiliana.

#50 Kachumbari
Mwambieni mjomba kuna ngawa, kuna paka shume wa Kiboje nzima, kuna kunguru wa India. Akitaka kuua kitu achague hapo.

#51 Mzee_wa_Mkele
Jumamosi nakuja mwenyewe na tochi ya betri sita. Nitakaa kwenye baraza hiyo hadi nione mkia.

#52 Mtu_wa_Dodoma
Mzee, hesabu na vidole vya nyuma. Vinne.

#53 Mzee_wa_Mkele
Nikimkuta ana vitano?

#54 Mtu_wa_Dodoma
Basi ni wa Ulaya, na #17 atafurahi.

#55 Fundi_Fyekeo
Mie Jumamosi naja na watu wawili kwa ule upande wa upupu. Alfajiri, kabla umande haujakauka. Mapanga yetu, viroba vyako. Chai iwepo na boflo, na huyo kijana wa kaptula asije.